Kulinda Seli za Kongosho Zilizopandikizwa: Matumaini na Tahadhari kwa Wagonjwa wa Kisukari Nyanda za Juu Kusini

Mtu mwenye kisukari cha aina ya kwanza hawezi kuishi bila insulini. Kinga ya mwili wake, ambayo kazi yake ni kupambana na vimelea vya magonjwa, imegeuka na kuziangamiza seli za kongosho zinazotengeneza homoni hiyo. Tangu Januari 1922, insulini ilipotumika kumtibu mgonjwa kwa mara ya kwanza mjini Toronto, Kanada, ugonjwa huu umeacha kuwa hukumu ya kifo cha haraka. Hata hivyo, sindano huleta insulini tu. Hairudishi seli zilizokufa, wala ule uwezo wa mwili wa kujipima sukari wenyewe usiku na mchana na kutoa insulini kwa kiasi kinachotakiwa.

Ipo tiba inayolenga kurudisha uwezo huo, nayo ni upandikizaji wa seli za kongosho kutoka kwa mtu mwingine. Tiba hii si ndoto tena. Nchi kadhaa zinaitoa na matokeo yake yamechapishwa. Kinachoizuia kuwafikia watu wengi si ugumu wa kuziingiza seli mwilini, kwa kuwa kazi hiyo hufanyika bila upasuaji mkubwa. Ugumu ni kuzifanya ziishi baada ya kufika. Kwa wakazi wa Mbeya, Iringa na mikoa jirani suala hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu dawa zinazotumika leo kuzilinda seli hizo hufanya kazi kwa kuishusha kinga ya mwili, na hii ni kanda ambayo watu wake wanajua vyema, kwa miaka mingi sasa, gharama ya kinga iliyoshuka.

Seli zinazozungumziwa hukaa ndani ya kongosho katika vikundi vidogo visivyoonekana kwa macho matupu. Mwanafunzi wa udaktari wa Berlin, Paul Langerhans, ndiye aliyevieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1869, bila kujua kazi yake, na hadi leo vinaitwa visiwa vya Langerhans. Kongosho la mtu mzima lina visiwa vinavyokadiriwa kufikia milioni moja, lakini vyote kwa pamoja havizidi takriban asilimia 2 ya uzito wake. Sehemu kubwa iliyobaki hutengeneza maji ya kusagia chakula. Pamoja na udogo huo, visiwa hupokea damu nyingi kuliko sehemu nyingine za kongosho, mara kadhaa zaidi ya ukubwa wake. Ni seli zilizozoea kuishi kwenye neema ya oksijeni, na jambo hilo ndilo chanzo cha sehemu ya matatizo yanayoelezwa hapa.

Ni vyema ikaeleweka mapema kwamba tiba hii haiwahusu wagonjwa wote. Wengi wa wanaohudhuria kliniki za kisukari nchini wana aina ya pili ya ugonjwa huu, ambayo mwili bado hutoa insulini lakini haiitumii ipasavyo, na ambayo hudhibitiwa kwa lishe, mazoezi, vidonge na, ikibidi, insulini. Ongezeko la aina hiyo ndilo lililobadili sura ya ugonjwa nchini. Utafiti wa vijiji sita ulioongozwa na Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa chini ya mtu mzima mmoja kati ya 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliofanyika mijini na vijijini kwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, ulikuta asilimia 9.1. Tafiti hizo mbili hazikutumia njia moja wala umri mmoja, hivyo tarakimu zake haziwezi kulinganishwa moja kwa moja. Lakini mwelekeo wake hauhitaji darubini. Wenye aina ya kwanza ni wachache, wengi wao wakigunduliwa wakiwa watoto au vijana, na ndio wanaokusudiwa na upandikizaji wa seli.

Kazi huanza na kongosho la mtu aliyefariki dunia ambaye yeye au familia yake iliridhia kuchangia viungo. Maabara hulimeng'enya kongosho kwa kimeng'enya maalumu, huvitenganisha visiwa na tishu nyingine, kisha huvihesabu na kuvikagua. Daktari hupitisha mrija mwembamba ubavuni hadi kwenye mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini, na visiwa humiminwa humo taratibu kama dripu. Vinakwama kwenye vijishipa vya ini na kuweka makazi huko. Ini huchaguliwa badala ya kongosho lenyewe kwa sababu kongosho ni kiungo chepesi kuudhika: likichokozwa, maji yake ya kusagia chakula huweza kulidhuru lenyewe.

Wazo hilo lilijaribiwa kwa panya mwaka 1972 na Paul Lacy na wenzake mjini St. Louis, Marekani, na panya walipona kisukari. Kwa binadamu mambo yalikwenda taratibu mno. Katika upandikizaji uliofanyika duniani miaka ya 1990, chini ya mgonjwa mmoja kati ya 10 aliweza kukaa mwaka mzima bila kuhitaji sindano ya insulini. Mabadiliko yalikuja mwaka 2000, pale Dkt. James Shapiro na wenzake wa Edmonton, Kanada, walipotangaza kuwa wagonjwa wao saba, wote saba, wameachana na insulini. Siri yao ilikuwa mambo mawili: kuongeza idadi ya visiwa kwa kutumia makongosho ya zaidi ya mchangiaji mmoja, na kubadili dawa za kuzuia mwili kuzikataa seli, wakiziacha zile za jamii ya steroidi ambazo zenyewe hupandisha sukari.

Habari hiyo ilienea duniani kwa kasi. Miaka mitano baadaye kundi lilelile lilitoa taarifa ya wagonjwa 65, na taarifa hiyo haikupata shangwe kama ya kwanza, ingawa ndiyo yenye mafunzo zaidi. Takriban mmoja tu kati ya 10 alikuwa bado hahitaji insulini kabisa. Karibu wanane kati ya 10, hata hivyo, walikuwa na seli zilizokuwa zikiendelea kutoa insulini kwa kiasi fulani, na hao hawakuwa tena wakianguka ghafla kwa sukari kushuka. Mtu asiyemfahamu mgonjwa wa kisukari anaweza kuiona faida hiyo kuwa ndogo. Familia iliyowahi kumkuta ndugu yao amepoteza fahamu kitandani alfajiri haitakubaliana naye.

Juni 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha tiba ya visiwa vya mchangiaji kwa watu wazima wenye kisukari cha aina ya kwanza wanaoshukiwa na sukari mara kwa mara kwa kiwango cha hatari licha ya kutunzwa vizuri. Kati ya washiriki 30 wa tafiti zilizotumika kufanya uamuzi huo, 21 walikaa mwaka mmoja au zaidi bila insulini, 10 kati yao kwa zaidi ya miaka mitano. Watano hawakupata hata siku moja. Uingereza inaitoa kupitia huduma yake ya afya ya umma tangu 2008.

Kwa nini basi seli zilizopandikizwa hupungua? Sehemu ya jibu ilipatikana Uppsala, Sweden, mwishoni mwa miaka ya 1990. Watafiti waligundua kwamba kisiwa kinapogusana moja kwa moja na damu, jambo ambalo halitokei kikiwa ndani ya kongosho, damu hukichukulia kama jeraha. Huanza kuganda juu yake, na seli nyeupe hukivamia ndani ya dakika chache. Sehemu kubwa ya seli hupotea kwa njia hii kabla mgonjwa hajatoka hospitali. Hii ndiyo sababu ya kongosho moja kutotosha, na ndiyo sababu madaktari huchanganya visiwa na heparini, dawa inayozuia damu kuganda, na kuongeza dawa za kutuliza uvimbe siku za mwanzo.

Vinavyonusurika hukutana na njaa. Vimekatwa mishipa yake ya damu wakati wa kutenganishwa, na mishipa mipya huchukua wiki mbili hivi kuota. Katika muda huo kila kisiwa hutegemea oksijeni inayopenya kutoka pembeni, na seli za katikati hufa kwanza. Wagonjwa huendelea kuchomwa insulini katika kipindi hicho ili seli mpya zisifanye kazi kupita kiasi zikiwa bado dhaifu, kama mche uliohamishwa kitaluni unavyowekewa kivuli kabla ya kuachwa juani.

Baada ya hapo hubaki adui wa kudumu, kinga ya mwili. Mtu aliyepandikizwa figo ana tatizo moja: mwili hukitambua kiungo kuwa cha mgeni na kukishambulia. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza ana mawili. Seli alizopewa ni za mgeni, na pia ni za aina ileile ambayo mwili wake ulikwisha kuapa kuimaliza miaka iliyopita. Kumbukumbu hiyo haifutiki. Kwa hiyo mgonjwa hutumia, siku zote ambazo pandikizi linafanya kazi, dawa za kushusha kinga kama takrolimusi na sirolimusi. Takrolimusi ina kasoro inayosumbua zaidi hapa kuliko kwingineko: hudhuru figo, kiungo ambacho kisukari nacho hukilenga, na hudhuru hata zile seli za insulini inazotumwa kuzilinda.

Ukubwa wa faida na wa hatari ulionekana kwa pamoja Juni 2025, yalipochapishwa matokeo ya visiwa vilivyooteshwa maabara kutokana na seli shina, yaani seli ambazo hazijachagua kazi na huweza kufundishwa kuwa za aina yoyote. Kati ya wagonjwa 12 waliopewa dozi kamili, 10 hawakuwa wakihitaji insulini baada ya mwaka mmoja, na wote 12 waliepuka kabisa matukio makali ya sukari kushuka. Mafanikio hayo yanaondoa tatizo la uhaba wa wachangiaji, kwa sababu maabara inaweza kuotesha seli nyingi kadiri inavyotaka. Lakini katika utafiti huohuo, wenye washiriki 14 kwa jumla, wawili walifariki dunia. Mmoja wao aliuawa na homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na fangasi aina ya kriptokokasi, akiwa anatumia dawa za kushusha kinga.

Jina la ugonjwa huo si geni kwa madaktari wa Mbeya na Iringa. Ni miongoni mwa magonjwa nyemelezi yanayowaua watu wenye Virusi vya UKIMWI ambao kinga yao imeporomoka. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa viashiria na matokeo ya VVU wa mwaka 2022/2023, maambukizi kwa watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea yalikuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa Taifa ulikuwa asilimia 4.4. Mikoa hiyo mitatu ndiyo iliyo juu ya orodha. Kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kimejijengea jina katika tafiti za VVU na kifua kikuu, na si kwa bahati. Kiliwekwa mahali penye tatizo. Mwenye kisukari, hata kabla ya kushushwa kinga, ana uwezekano mara mbili hadi tatu wa kuugua kifua kikuu kuliko asiyekuwa nacho. Kumwongezea dawa inayomwondolea ulinzi uliobaki, katika mazingira ambayo bakteria wa kifua kikuu wapo kwenye daladala na madarasani, ni uamuzi tofauti na uleule unapofanywa Edmonton.

Hilo halimaanishi kwamba dawa hizo hazitumiki nchini. Zinatumika, na kwa mafanikio. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ilifuata mwaka 2018. Kila aliyepokea figo humeza dawa za kushusha kinga na kurudi kliniki kupimwa kiwango chake katika damu. Baadhi ya waliofikia hatua ya kuhitaji figo walifikishwa hapo na kisukari, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, inayohudumia mikoa saba ya Nyanda za Juu Kusini, ina huduma ya kusafisha damu kwa wagonjwa wa aina hiyo. Duniani kote, kundi hili la watu wenye kisukari cha aina ya kwanza ambao tayari wana figo ya kupandikizwa ndilo linalofikiriwa mapema linapokuja suala la visiwa. Sababu yake ni ya hesabu nyepesi: dawa wanazitumia tayari, kwa hiyo seli mpya haziwaongezei mzigo mkubwa.

Upandikizaji wa visiwa vya kongosho hautolewi katika hospitali za Tanzania. Figo zinazopandikizwa nchini hutoka kwa ndugu walio hai, kwa sababu binadamu ana figo mbili na anaweza kuishi vyema na moja. Kongosho ni moja. Mjini Kyoto, Japani, mwaka 2005, mama alimpa binti yake karibu nusu ya kongosho lake na visiwa vyake vikafanya kazi. Ila mchangiaji wa namna hiyo hubaki na hatari ya kupata kisukari yeye mwenyewe, na njia hiyo haikuenea. Visiwa hutegemea wachangiaji waliofariki, na wachangiaji hao hutegemea sheria inayoeleza kifo kinathibitishwa vipi, ridhaa inatolewa na nani, na viungo vinagawiwa kwa utaratibu upi. Uganda ilitunga sheria yake ya uchangiaji na upandikizaji wa viungo mwaka 2023, na Desemba mwaka huohuo Hospitali ya Mulago ikafanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo. Seli zinazooteshwa maabara zitapunguza uzito wa hoja hii ya wachangiaji. Hazitaondoa hoja ya ulinzi.

Ndiyo maana utafiti unaostahili kufuatiliwa kwa makini kutoka Nyanda za Juu Kusini ni ule unaotafuta kuzilinda seli bila kuudhoofisha mwili. Njia kongwe kuliko zote ni kuzifungia ndani ya kifuko chenye matundu madogo mno, yanayopitisha sukari, oksijeni na insulini lakini yanayozuia seli za kinga. Mwaka 1980, Franklin Lim na Anthony Sun walizifunika seli za panya kwa matone ya aljineti, utomvu unaotokana na mwani wa kahawia, na zikaendelea kudhibiti sukari kwa wiki kadhaa. (Mwani unaolimwa Zanzibar tangu mwaka 1989 ni wa jamii nyingine, mwekundu, na hutoa karajinani inayotumika kwenye vyakula na dawa za meno. Wakulima wa Paje na Jambiani hawana sababu ya kupandisha bei kwa habari hii.)

Wazo la kifuko ni zuri kiasi kwamba linaonekana kama lingepaswa kufanya kazi. Kwa miaka zaidi ya 40 limekataa. Mwili hukizungushia kitu kigeni ukuta wa kovu, na ukuta huo huzuia oksijeni. Seli zilizonusurika na askari hufa kwa kukosa hewa ndani ya ngome yao. Machi 2025 kampuni ya Vertex ya Marekani, ileile iliyotengeneza seli zilizotajwa juu, ilisitisha majaribio ya seli hizo zikiwa ndani ya kifaa cha kinga kwa kuwa hazikutoa insulini ya kutosha. Seli zilezile zikiwa huru ndani ya ini, chini ya dawa, zilifanya kazi. Watafiti wa Dresden, Ujerumani, walijaribu kumaliza tatizo la hewa kwa kifaa chenye chumba cha oksijeni kinachojazwa upya kila siku kwa sindano, na mgonjwa wao mmoja aliishi nacho miezi 10 bila dawa za kushusha kinga. Kiasi cha insulini kilichotoka kilikuwa kidogo, na mtu anaweza kuuliza ni nafuu gani iliyopo katika kubadilisha sindano ya insulini kwa sindano ya hewa.

Njia ya pili ni kuibadili seli yenyewe. Kila seli ya binadamu hubeba juu yake alama zinazoitambulisha kwa kinga ya mwili, mithili ya kitambulisho cha Taifa. Watafiti wa Uppsala, wakishirikiana na kampuni ya Marekani, walizichukua seli za visiwa vya mchangiaji, wakakata jeni zinazotengeneza alama hizo, kisha wakaongeza jeni ya protini inayoitwa CD47, ambayo huziambia seli za kinga zinazotafuta wasio na kitambulisho kwamba huyu aachwe. Desemba 2024 seli hizo zilichomwa kwenye misuli ya mkono wa mtu aliyeishi na kisukari cha aina ya kwanza kwa zaidi ya miaka 30. Hakupewa dawa yoyote ya kushusha kinga. Matokeo yaliyochapishwa Agosti 2025 yalionesha kwamba baada ya wiki 12 seli zilikuwa hai na zinatoa insulini kila mgonjwa alipokula.

Uzito wa jaribio hilo hauko kwenye kiasi cha insulini, kwani dozi ilikuwa sehemu ndogo tu ya inayohitajika na mgonjwa aliendelea na sindano zake. Uko kwenye jambo ambalo halikupangwa liwe kiini cha habari. Si seli zote zilizofanikiwa kuhaririwa kikamilifu. Baadhi zilibaki na alama zake. Hizo, zikiwa ndani ya msuli uleule wa mtu yuleyule, mwili uliziona na kuziua. Zilizohaririwa zilipitwa. Ni vigumu kuomba ushahidi ulio wazi zaidi kutoka kwa mgonjwa mmoja. Bado ni mgonjwa mmoja, na seli isiyoonekana na kinga inaleta swali lake: ikigeuka saratani, au ikiingiwa na virusi, nani ataiona? Kuiweka mkononi, mahali ambapo inaweza kupigwa picha na kukatwa ikibidi, ni sehemu ya jibu.

Nchini China, mwaka 2024, watafiti waliripoti kuwa mwanamke wa Tianjin alikuwa ameachana na insulini siku 75 baada ya kupandikizwa visiwa vilivyooteshwa kutokana na seli zake mwenyewe. Taarifa hiyo imesambaa katika lugha nyingi, mara nyingi bila sehemu yake muhimu: mwanamke huyo alikuwa tayari anatumia dawa za kushusha kinga kwa sababu aliwahi kupandikizwa ini. Kwa hiyo tukio hilo halioneshi kama seli za mtu mwenyewe zingevumiliwa na kinga iliyokwisha kuziua mara ya kwanza.

Kuna suala la umbali pia, ambalo katika kanda hii halipaswi kusahaulika. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara. Kongosho lililotolewa huanza kuharibika ndani ya saa chache hata likiwa kwenye barafu. Visiwa vikishatenganishwa huvumilia zaidi: huweza kutunzwa maabara siku moja hadi tatu na kusafirishwa. Kwa msingi huo, tangu mwaka 1999, maabara moja ya Geneva, Uswisi, imekuwa ikiandaa visiwa kwa ajili ya hospitali kadhaa za Ufaransa, ili kila hospitali isilazimike kujenga maabara yake ya gharama kubwa. Mwaka 2022 watafiti wa Minnesota, Marekani, walionesha kuwa visiwa vinaweza kugandishwa kwa njia isiyotengeneza chembe za barafu, vikahifadhiwa miezi tisa na kufanya kazi vilipoyeyushwa. Mfumo wa aina hii, wa maabara moja na hospitali nyingi, ndio unaoweza kufaa nchi yenye ukubwa wa Tanzania, na Uwanja wa Ndege wa Songwe umekwisha kufupisha safari ya saa nyingi kuwa ya saa moja na dakika kadhaa.

Wakati utafiti ukiendelea, wananchi wanapaswa kuwa waangalifu na matangazo ya watu wanaodai kutibu kisukari kwa “seli shina” za vidonge, matone au unga. Seli hai haikai ndani ya kidonge. Mgonjwa wa aina ya kwanza anayeacha insulini kwa kufuata tangazo la namna hiyo anaweza kufariki ndani ya siku chache. Ushauri kuhusu tiba yoyote mpya hutolewa na daktari anayemhudumia mgonjwa, na wenye mashaka wanaweza kuuliza katika kliniki za kisukari za Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa. Chama cha Kisukari Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1985, kimeshirikiana na Serikali kuanzisha kliniki za watoto na vijana wenye kisukari ambako insulini na vipimo hutolewa bila malipo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inakusudia kuwafikia pia wanaoishi na magonjwa ya kudumu ambao wamekuwa wakitibiwa kwa fedha za mfukoni.

Mtoto anayekunywa maji kupita kawaida, anayekojoa mara kwa mara au kuanza tena kukojoa kitandani, anayekonda huku akila na anayechoka bila sababu, apimwe sukari siku hiyohiyo katika kituo cha kutolea huduma za afya kilicho karibu. Akifikishwa akiwa anatapika na kuhema kwa nguvu, dalili hizo zisichukuliwe kuwa malaria au homa ya mapafu kabla sukari haijapimwa. Kipimo chenyewe huhitaji tone moja la damu na matokeo hupatikana ndani ya dakika moja.

Insulini ambayo haijaanza kutumika huhifadhiwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Nyumba isiyo na jokofu inaweza kutumia mtungi wa udongo wenye unyevu, ukiwekwa kivulini, mahali penye upepo; haufikii ubaridi wa jokofu lakini huishusha joto la kutosha kuongeza maisha ya dawa. Katika maeneo ya Makete, Kitulo na miinuko ya Uporoto, ambako sakitu huanguka mwezi Juni na Julai, hatari huja kutoka upande mwingine. Insulini iliyoganda huharibika, na hairudii ubora wake hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Chupa ya namna hiyo irudishwe kituoni ibadilishwe.